Coldplay au Keane? Albamu mbili za pili, na ipi uanze nayo

Jibu fupi kwa mwenye haraka: kama husikiliza muziki ukiwa njiani, wimbo mmoja leo na mwingine kesho, chukua A Rush of Blood to the Head ya Coldplay. Kama una desturi ya kuweka albamu na kuiacha iende hadi mwisho, chukua Under the Iron Sea ya Keane. Yanayofuata ni sababu, na baadhi yake zinapingana.

Zote mbili ni albamu za pili za bendi za roki za Uingereza. Coldplay waliitoa yao Agosti 2002, Keane wakatoa yao Juni 2006. Albamu ya kwanza bendi huingia studio na nyimbo ilizozilimbikiza miaka yote ambayo hakuna aliyekuwa akiisikiliza. Ya pili huandikwa watu wakiwa wamekaa wanangoja. Parachutes (2000) iliwapa Coldplay mashabiki wengi na pia sifa ya kuwa vijana wapole mno kwa muziki wa roki. Hopes and Fears (2004) iliwapa Keane mashabiki na kejeli ileile, na juu yake wakaongezewa nyingine: kwamba wao ni Coldplay wa bei poa.

Kejeli hiyo ya pili ina historia ambayo wengi waliokuwa wakiitoa hawakuijua. Kwenye miaka ya mwisho ya 1990 Chris Martin, mwimbaji wa Coldplay, wakati huo mwanafunzi pale University College London, alimwomba kijana mmoja aliyemfahamu ajiunge na bendi yake kama mpiga kinanda. Kijana huyo alikuwa Tim Rice-Oxley. Alikataa, kwa sababu tayari alikuwa na bendi na marafiki zake wa kwao East Sussex. Bendi hiyo ndiyo Keane.

Tazama kilichofuata. Coldplay wakabaki bila mpiga piano wa kazi hiyo, Martin akaipiga mwenyewe, kwa namna ya mwimbaji anayejisindikiza: sauti chache, zinazorudiwarudiwa. Keane nao, mwaka 2001, wakaondokewa na mpiga gitaa wao, Dominic Scott, na badala ya kutafuta mwingine wakaamua piano ibebe kazi yake. Kwa hiyo piano ya kila bendi imetokana na pengo. Coldplay hawakuwa na mpiga piano hodari, Keane hawakuwa na gitaa. Sikiliza albamu hizi mbili ukilikumbuka hilo na utaona hazifanani kama zinavyodhaniwa.

Zinavyofungua

Politik, wimbo wa kwanza wa Coldplay, uliandikwa siku chache tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Piano, gitaa, besi na dramu vinagonga kwa pamoja, pigo lilelile, bila mapambo. Kisha vyote vinanyamaza, inabaki sauti ya Martin na piano. Halafu kelele inarudi. Ni mwanzo wa kuwaambia watu kwamba vijana wapole wamekuja na kitu kingine, na kwa dakika tatu na zaidi unaamini kwamba wimbo huu haukusudii kukupa raha yoyote. Mwishoni ndipo unafunguka, piano inapata mwendo, na ile raha uliyonyimwa unapewa yote kwa mkupuo. Ukiupenda mpango huo wa kukubana kwanza na kukuachia baadaye, albamu hii ni yako, maana inautumia tena na tena.

Keane wanafungua kwa Atlantic, na hapo hakuna anayegonga kitu. Inaingia sauti nzito inayoburuzika chini, dramu zinatembea taratibu, na mwimbaji Tom Chaplin anachelewa kuingia. Akiingia, anaimba juu ya hofu ya kuzeeka peke yake. Kabla albamu haijatoka, wimbo huu ulitolewa kama filamu fupi iliyoongozwa na Irvine Welsh, mwandishi wa Trainspotting, riwaya ya waraibu wa heroini, na hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba hawa jamaa hawataki tena kuitwa watoto wazuri. Ukifika Is It Any Wonder?, wimbo wa pili, unasikia gitaa linakwaruza. Hakuna gitaa. Ni piano.

Piano mbili, kazi mbili

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo ningekaa muda mrefu zaidi kama ningekuwa na kazi ya kumshawishi mtu dukani.

Keane hutumia Yamaha CP70, piano ya umeme ya tangu miaka ya 1970. Ina nyuzi halisi zinazogongwa na nyundo, lakini mlio wake unachukuliwa na vinasa sauti na kupelekwa kwenye spika, kama wa gitaa la umeme. Kwa kuwa mlio umeshakuwa umeme, unaweza kuupitisha kwenye pedali zilezile za kukwaruzisha gitaa. Katika albamu ya kwanza Rice-Oxley aliiacha piano hiyo ing'ae. Katika ya pili aliichafua makusudi. Is It Any Wonder? ni wimbo wa hasira juu ya vita vya Iraq, na hasira yenyewe unaisikia kwenye mkwaruzo kabla hujafuata neno hata moja. Nothing in My Way na Put It Behind You zinaendeleza mtindo huo: piano inafanya kazi ya gitaa la mbele. Ni watu watatu tu, Chaplin, Rice-Oxley na mpiga dramu Richard Hughes, lakini ukifumba macho utahesabu watano.

Coldplay wana gitaa, na wana mtu anayelijua. Jonny Buckland hapigi solo za kujionyesha. Hutafuta sauti chache zinazokaa akilini na kuzirudia. In My Place imesimama juu ya dramu za Will Champion na mstari mmoja wa gitaa. Kwa hiyo piano ya Martin hailazimiki kubeba nyumba nzima. Inaweka msingi, wengine wanajenga juu yake.

Mfano bora ni Clocks. Mkono wa kulia unashuka sauti tatu, tena tatu, kisha mbili, jumla nane, halafu unaanza upya. Ni hivyo tu. Msikilizaji wa rumba ya Kongo anaufahamu mgao huo wa tatu-tatu-mbili hata kama hajawahi kuuhesabu: umo ndani ya son, muziki wa dansi wa Cuba, na santuri za Cuba ndizo zilizochochea rumba ya Kinshasa na Brazzaville, ambayo nayo ikamwagikia muziki wetu wa dansi. Mwaka 2006 wanamuziki wa Cuba katika mradi wa Rhythms del Mundo waliuchukua Clocks, wakaupigia kwa ala zao huku sauti ya Martin ikibaki juu, na wala haukusikika umelazimishwa. Kuna watu wa huku kwetu wanaosema hawana sikio la roki lakini wimbo huu wanaupenda. Nadhani sababu ni hiyo.

Na wimbo wenyewe ulikaribia kuachwa. Ulikuja mwishoni, albamu ikiwa karibu kufungwa, wakafikiria kuuhifadhi kwa ajili ya albamu ya tatu. Baadaye ukashinda Grammy ya Rekodi ya Mwaka, 2004.

Nani anaimba maneno ya nani

Kama wewe ni msikilizaji wa mashairi, uamuzi wako utatokea hapa.

Martin huandika na kuimba mwenyewe. Maneno yake ni mepesi, ya jumla, yanaweza kuvaliwa na mtu yeyote. The Scientist ni mtu anayeomba radhi na kutamani kurudi mwanzo. Hatuambiwi alikosa nini wala anamwomba nani. Hiyo ndiyo nguvu yake. Kila mtu aliyewahi kuharibu jambo anaujaza kwa habari zake mwenyewe. Video yake iliyopigwa kinyumenyume, ambayo Martin alilazimika kujifunza kuimba maneno kutoka mwisho kwenda mwanzo, inafanya vivyo hivyo kwa picha. Lakini wepesi huo una gharama. Kuna nyimbo katika albamu hii, A Whisper ni mojawapo, ambazo ukizitoa muziki hubaki na sentensi ambazo hazikuambii kitu.

Kwa Keane mwandishi mkuu ni Rice-Oxley, mwimbaji ni Chaplin. Marafiki tangu utoto. Wakati wa kutengeneza albamu hii urafiki wenyewe ulikuwa umechakaa: safari ndefu za maonyesho ya albamu ya kwanza ziliwaacha hawasemezani vizuri. Rice-Oxley akaandika yaliyokuwa yakimsumbua, na aliyekuwa na kazi ya kuyaimba ni huyohuyo aliyekuwa akiandikwa. Hamburg Song ni Rice-Oxley akizungumza na Chaplin, akitaka kuonekana, akitaka rafiki yake amrudie. Na Chaplin anauimba kwa upole ambao sijausikia kwake mahali pengine. Hakuna dramu za kukimbiza, ni sauti ya ogani na mtu mmoja. Ukishajua nani alimwandikia nani, huwezi kuusikiliza kama wimbo wa mapenzi tena, ingawa kwa asiyejua unapita kama wimbo wa mapenzi.

Agosti 2006, miezi miwili baada ya albamu kutoka, Chaplin alitangaza kwamba anaingia kwenye matibabu ya ulevi na dawa za kulevya, na maonyesho ya Amerika Kaskazini yakafutwa. Sisemi albamu inapata thamani kwa sababu mtu aliugua. Ninasema kwamba giza lililomo si la mapambo, na mtu anayenunua albamu akitegemea kuchangamka ajue anachokinunua.

Mfano mwingine wa tofauti hiyo: A Bad Dream, ulioko katikati ya albamu ya Keane, umetokana na shairi la W. B. Yeats juu ya rubani wa Ireland anayejua atakufa vitani. Wimbo wa vita, lakini unaimbwa na mtu aliyechoka, hana adui wala bendera. Coldplay, kwa upande wao, wakiwa na jambo la dunia la kusema walilisema nje ya mashairi. Martin alizunguka na albamu hii akiwa ameandika mkononi na kwenye piano kauli ya kampeni ya shirika la misaada la Oxfam ya biashara ya haki, Make Trade Fair. Nyimbo zenyewe, ukiacha Politik, nyingi zikabaki za watu wawili chumbani.

Zinapochoka

A Rush of Blood to the Head ina nyimbo 11 katika dakika 54 hivi, na mzigo mzuri umepakiwa mbele. Nyimbo tano za kwanza, Politik, In My Place, God Put a Smile upon Your Face, The Scientist na Clocks, zimepangwa mfululizo, na ni albamu chache za roki za miaka ile zenye mfululizo kama huo. Tatizo ni kwamba ukifika Daylight unashuka. Green Eyes ni wimbo wa gitaa kavu usio na makuu, mzuri kwa aliye na mpenzi karibu. Warning Sign naupenda kuliko watu wengi wanavyoupenda. Kisha albamu inajikusanya tena kwa wimbo uliobeba jina lake na kwa Amsterdam, unaofunga. Msikilizaji aliyezoea dansi atangoja chemko kwenye Amsterdam, na kwa mara moja atalipata: piano peke yake kwa dakika kadhaa, halafu bendi nzima inaingia kwa pamoja na kuondoka mapema kuliko unavyotaka.

Under the Iron Sea haishuki namna hiyo, ila ina uzito mmoja unaoweza kukuchosha. Sauti zimejazana. Kwenye spika ya simu nusu ya kilichofanywa na zile pedali hugeuka uji, huwezi kutofautisha piano iliyokwaruzwa na spika iliyopasuka. Tafuta hedifoni zenye heshima kidogo au usijisumbue. Crystal Ball ndio wimbo wake mwepesi zaidi kwa redio, kiitikio kinashika mara ya kwanza. Try Again ningeweza kuukosa nisiumie. Broken Toy ni mrefu, unazungukazunguka, na ndio unaokuonyesha kama kweli umeipenda albamu au umependa nyimbo mbili tatu za mbele. The Frog Prince unafunga kama hadithi ya watoto iliyoharibika.

Ndiyo maana nimesema ya Coldplay ni ya njiani. Chomoa wimbo wowote kati ya ile mitano ya mwanzo, uuweke kati ya Bongo Fleva na injili kwenye orodha yako, utasimama. Ukichomoa Hamburg Song peke yake utapata wimbo wa polepole wa ogani, basi. Unahitaji ugomvi uliotangulia ili upatanisho uwe na maana.

Tuzo, majalada na mengine ya dukani

Kwa anayepima kwa tuzo hakuna shindano: Coldplay walichukua Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala mwaka 2003, In My Place ikapata yake usiku huohuo, na Uingereza wakapewa Brit ya albamu bora. Keane waliingia nafasi ya kwanza kwenye chati za Uingereza na Is It Any Wonder? ikateuliwa kwa Grammy, haikushinda. Tuzo hazinisaidii kuchagua cha kusikiliza saa nne usiku, lakini wapo wanaozitaka.

Anayekusanya santuri atataka kujua habari ya jalada. La Coldplay ni kichwa cha mtu kilichokatika juu, kazi ya mpiga picha Sølve Sundsbø, aliyetumia mashine ya kuskani umbo. Mashine haikuweza kusoma sehemu za kichwa, zikatoka hivyo zilivyokatika, wakaziacha. La Keane ni mchoro wa Sanna Annukka: farasi wanaotoka ndani ya mawimbi ya bahari. La pili ndilo ningelitundika ukutani.

Kama zote mbili hazikukai

Inawezekana unachotafuta ni ulaini wenyewe, bila kugongwa na Politik wala kukwaruzwa na Rice-Oxley. Basi rudi nyuma kidogo, kwa The Man Who ya Travis kutoka Glasgow, nayo albamu ya pili, ya Mei 1999. Sehemu kubwa ilitayarishwa na Nigel Godrich. Ni albamu ya gitaa, mwimbaji Fran Healy hana haja ya kupandisha sauti, na nyimbo zake ni fupi. Ilianza polepole sokoni. Kisha wakapanda jukwaani kwenye tamasha la Glastonbury mwezi Juni, na walipoanza Why Does It Always Rain on Me?, wimbo wa mtu anayelalamika kwamba mvua haimwachi, mvua ikaanza kunyesha. Televisheni ilikuwepo. Albamu ikapanda hadi nafasi ya kwanza. Bila mlango uliofunguliwa na Travis, bendi zote mbili tulizozizungumzia zingepata taabu zaidi kupita, na Martin mwenyewe hajawahi kuona haya kuwataja. Mpe The Man Who mtu anayesema roki ni kelele.

Anayetaka kinyume chake, magitaa matatu na mwimbaji anayeonekana kuumia, aende The Bends ya Radiohead, 1995. Hiyo nayo ni ya pili, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote nilizozitaja, lakini mtu anayechagua kati ya Coldplay na Keane kwa kawaida hajaja kuitafuta hiyo.

Kwa wapiga kinanda

Anayejifunza kinanda, hasa hawa vijana wa kwaya wanaotaka cha kufanyia mazoezi zaidi ya tenzi, achague kwa kipimo kingine. Coldplay inakubali kinanda chochote. The Scientist utaupata mapema, ni makundi manne ya sauti (chords) yanayozunguka. Clocks ni rahisi kwa vidole na mgumu kwa saa: tatu-tatu-mbili inataka kukimbia, na ukiiachia ikimbie wimbo unakufa, kwa hiyo weka metronomu na uanze kwa mwendo wa chini.

Keane itakusumbua. Is It Any Wonder? kwenye kinanda cha kawaida bila pedali inasikika kama mtu anayefanya mzaha. Anza na Hamburg Song: chagua sauti ya ogani, ambayo kila kinanda cha kanisani kinayo, shika sauti ndefu kwa mkono wa kushoto, na mtafute mwenzako aimbe. Ukiweza nao, nenda Nothing in My Way.